Bolti moja iliyoganda huweza kula faida ya msimu

MVUA za kwanza zinapoanza kunyesha, kila mwenye trekta hutaka liwe shambani tangu alfajiri. Wateja wako kwenye foleni, udongo umelainika na kila siku inayopita ina thamani yake.

Hata hivyo, wakati mwingine kinacholilaza trekta uani si injini wala gia. Ni bolti moja ya plau iliyoshika kutu na kugoma kufunguka, au nati ya gurudumu iliyoliwa pembe zake hadi spana haiikamati tena.

Bei ya bolti yenyewe haifikii hata ya chupa mbili za soda. Lakini ikikatikia ndani ya silinda hedi au ndani ya habu, gharama hupanda hadi ikameza faida ya wiki nzima.

Hali ni hiyo hiyo kwa mfanyabiashara mdogo anayetegemea Canter kubeba nyanya kwenda sokoni, mwenye pawatila katika skimu ya mpunga, na hata kijana wa bodaboda. Kwao wote, chombo kisichotembea hakilipi.

Habari njema ni kwamba bolti nyingi zilizoganda hutoka bila kukatika, endapo anayezifungua atafuata utaratibu na kuwa na subira. Kinachohitajika ni kujua hatua ipi ianze na ipi ifuate, na kujua mapema pa kuishia.

Hesabu ya siku moja

Chukua mfano wa mwenye trekta la kukodisha anayelima ekari 8 kwa siku kwa Sh50,000 kila ekari. Mapato ya siku ni Sh400,000. Akitoa dizeli, posho ya dereva na akiba ya matengenezo, tuseme Sh220,000, anabaki na Sh180,000.

Trekta hilo likilala siku mbili kwa sababu ya bolti iliyokatika, mwenyewe amepoteza Sh360,000 kabla hata hajamlipa fundi. Kila mmoja anaweza kuweka bei za kijijini kwake katika hesabu hiyo, lakini jibu litabaki lile lile: kinachoumiza si bei ya bolti, ni siku zilizopotea.

Mkulima anayesubiri kulimiwa naye ana hasara yake. Akichelewa kupanda, mazao yake yanaweza kukutwa na ukame wa mwisho wa msimu yakiwa bado hayajakomaa.

Kutokana na hesabu hiyo hupatikana kanuni moja ya kiuchumi inayofaa kubandikwa ukutani katika kila karakana: haribu cha bei ndogo ili kuokoa cha bei kubwa. Nati ikigoma, ikatwe nati ili bolti ipone. Bolti ikigoma, ikatwe bolti ili habu ipone.

Wengi hufanya kinyume chake. Huionea huruma nati ya bei ya chini, wakavuta kwa bomba refu, na mwishowe wakapasua kifaa ambacho hakipatikani mpaka kiagizwe Dar es Salaam.

Kwa nini bolti huganda

Adui wa kwanza ni kutu. Chuma kinapopata maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Katika uwazi mdogo uliopo kati ya uzi wa bolti na uzi wa nati, kutu hiyo hujisukuma na kubana kama kabari.

Shambani kutu hupata wasaidizi. Mbolea za chumvichumvi kama CAN huvuta unyevu kutoka hewani, na vumbi lake likibaki kwenye mashine ya kupandia au kwenye tela, chuma huliwa upesi. Tope la majaruba ya mpunga nalo hukaa kwenye nati za pawatila kwa wiki nyingi bila kukauka.

Kwa wale walio karibu na bahari, kuanzia Tanga hadi Mtwara, chumvi ya upepo wa pwani hufanya kazi hiyo hiyo hata kwa gari ambalo halijawahi kukanyaga shamba.

Adui wa pili ni kukutana kwa metali mbili tofauti. Bolti ya chuma ikifungwa kwenye aluminiamu, kama ilivyo kwenye vifuniko vya injini za pikipiki, unyevu ukiingia katikati yake aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe unaogandisha bolti.

Adui wa tatu ni mkono wa binadamu. Bolti ya unene wa milimita 10, ya daraja la kawaida la 8.8, hukazwa kwa nguvu inayokaribia kilo 5 kwenye mkono wa mita moja. Mtu anayevuta kwa uzito wa kilo 30 kwenye bomba la mita moja ameikaza mara sita ya kiwango hicho. Bolti ya namna hiyo hurefuka, uzi wake huharibika, na kama haikukatika siku hiyo itakatika siku ya kufunguliwa.

Kabla ya kushika spana

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Uzi wote unaoonekana nje ya nati usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Nati ikilazimishwa kupita juu ya udongo na kutu iliyo mbele yake, hugandia njiani hata kama ilikuwa imeshaanza kulegea.

Hatua ya pili ni kupata spana inayoenea sawasawa. Hapa ndipo nati nyingi huharibiwa, hasa kwenye matrekta ya zamani kama Massey Ferguson ambayo bolti zake nyingi ni za inchi. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, lakini itaacha uwazi wa milimita 0.3, na uwazi huo unatosha kumenya pembe za nati iliyokaza.

Kwa nati ngumu, spana ya mviringo au ya boksi yenye pembe sita ni bora kuliko ya mdomo wazi. Ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, wakati ya pembe sita hushika nati pande zote.

Hatua ya tatu ni kuhakikisha upande wa kufungulia. Bolti nyingi hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa, lakini si zote. Baadhi ya malori ya zamani ya Kijapani yana nati za magurudumu ya kushoto zinazofunguka kwa kufuata mshale wa saa, na stadi zake huwa zimepigwa herufi L. Pedali ya kushoto ya baiskeli ni hivyo hivyo. Asiyejua hilo huweza kushinda akikaza huku akidhani anafungua.

Aidha, chombo kisivutwe kwa nguvu kikiwa juu ya jeki peke yake. Nati za gurudumu zilegezwe kidogo tairi likiwa bado chini, ndipo chombo kiinuliwe na kuwekewa stendi au magogo imara.

Mafuta, nyundo na subira

Baada ya usafi huja mafuta ya kupenya. Dawa ya kutu ya kopo kama WD-40 hufaa, lakini si lazima. Mafuta ya taa au dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi ya gia za otomatiki hufanya kazi nzuri kwa gharama ndogo. Petroli isitumike, kwani hukauka upesi na moshi wake huwaka kwa cheche ndogo tu.

Mafuta hayo yahitaji muda. Yapakwe jioni, yarudiwe kabla ya kulala, na kazi ianze asubuhi. Usiku mmoja wa kusubiri haugharimu kitu, kwa kuwa trekta lingelala tu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kwa bolti iliyoshika kutu msemo huo ni kweli tupu.

Angalizo ni kwamba mafuta yasifike kwenye viatu vya breki wala kwenye diski. Breki iliyolowa mafuta haishiki.

Asubuhi yake bolti igongwe kichwani kwa nyundo, mapigo kadhaa ya wastani yaliyonyooka. Mtikisiko huvunja kutu na kufungulia mafuta njia. Kama ni nati, igongwe ubavuni huku nyundo nyingine nzito ikiwa imeegemezwa upande wa pili.

Kisha, kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo. Mwendo mdogo wa kukaza huvunja mshiko wa kutu. Ikishasogea, ifunguliwe robo mzunguko, irudishwe nyuma kidogo, iongezwe mafuta, ndipo ifunguliwe tena. Anayevuta moja kwa moja hukusanya kutu mbele ya uzi, na hapo ndipo bolti hukatika.

Mkono uliozoea huhisi tofauti. Bolti inayofunguka huachia kwa mlio na kisha huwa nyepesi. Inayotaka kukatika huzunguka taratibu kama mpira, bila mlio. Ukihisi hivyo, acha kuvuta, rudi kwenye mafuta au nenda kwenye moto.

Moto: msaada na hatari

Joto hutanua chuma. Nati yenye tundu la milimita 12 ikipandishwa joto kwa nyuzi 300, tundu lake huongezeka kwa takribani milimita 0.04. Kipimo hicho ni kidogo, lakini kinatosha kupasua kutu na kuachia mshiko.

Siri ni kupasha nati, si bolti. Zikipata joto sawa zote hutanuka pamoja na faida hupotea. Moto uelekezwe kwenye nati kwa muda mfupi, kisha spana iingie mara moja. Njia nyingine ni kugusisha nta ya mshumaa kwenye uzi wenye joto, ambapo nta huyeyuka na kunyonywa hadi ndani.

Aluminiamu inahitaji uangalifu zaidi. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na haibadiliki rangi kabla ya hapo, hivyo anayesubiri iwe nyekundu ataiona ikimwagika.

Kuna mahali ambapo moto haupaswi kukaribia kabisa. Pa kwanza ni gurudumu lenye tairi. Ringi ikipashwa moto, mpira ulio ndani huungua bila kuonekana na kutoa gesi inayoweza kulipuka, hata kama upepo ulikwisha kutolewa na hata moto ukiwa umeshazimwa. Mlipuko huo huua. Nati ya gurudumu iliyoganda ifunguliwe kwa mafuta, mkono mrefu au kwa kukatwa, si kwa moto.

Pa pili ni karibu na tangi la mafuta, mipira ya dizeli, mipira ya breki na betri. Pa tatu ni kwenye bolti zilizopakwa zinki, zile zenye rangi ya fedha. Moshi wake humpa anayeuvuta homa na baridi kali, hivyo kazi ifanyike penye upepo.

Hatari nyingine isiyo ya moto iko kwenye ringi za vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa bolti. Ukifungua bolti zinazounganisha vipande hivyo wakati tairi lina upepo, ringi hutawanyika kama bomu. Hakikisha kwanza upepo wote umetoka.

Kichwa kikiliwa

Nati au bolti iliyoliwa pembe bado ina nafasi. Njia ya kwanza ni kupigilia kwa nyundo boksi iliyo ndogo kidogo kuliko kichwa kilicholiwa. Mwenye seti ya inchi na ya milimita hupata saizi ya katikati inayobana vizuri.

Njia ya pili ni kupiga tupa pande mbili za kichwa mpaka zilingane na spana ndogo zaidi. Njia ya tatu ni kutumia spana ya bomba au koleo la kujifunga lenye meno.

Zote zikishindikana, nati ikatwe. Tindo kali ielekezwe ubavuni mwa nati ipasue upande mmoja, au msumeno wa chuma upite sambamba na bolti mpaka karibu na uzi. Kwa bolti za majembe ya plau hii ndiyo njia ya kwanza, si ya mwisho. Bolti hizo zina shingo ya mraba chini ya kichwa, na shingo hiyo ikilika bolti huzunguka pamoja na nati. Kuhangaika nayo saa tatu ni kutupa fedha.

Skrubu za nyota kwenye injini za pikipiki zina shida yake. Pikipiki nyingi za Kijapani zina skrubu ambazo tundu lake hutofautiana kidogo na la bisibisi za kawaida za nyota, hivyo bisibisi huruka na kulimenya. Dawa yake ni bisibisi ya kugonga, ambayo husukuma na kuzungusha kwa wakati mmoja kila inapopigwa nyundo. Tundu likishaharibika kabisa, kata mfereji mmoja kwa msumeno wa chuma kisha tumia bisibisi bapa.

Kazi zote za tindo na nyundo zinahitaji miwani. Kipande kidogo cha chuma kinatosha kuondoa jicho.

Ikikatika

Bolti ikikatika na kubakiza kipande nje, ishikwe kwa koleo la kujifunga baada ya kulowekwa upya. Kipande kikiwa kifupi, fundi wa kuchomelea huweka nati juu yake na kuichomelea kwa ndani. Hapo hupatikana faida mbili: joto linaloachia kutu na kichwa kipya cha kushika spana. Kabla ya kuchomelea, nyaya za betri na za altaneta zifunguliwe, la sivyo umeme wa mashine huweza kuunguza vifaa.

Ikikatikia ndani, kazi huwa ya drili. Sehemu ya katikati ipigwe alama kwa panchi, tundu dogo la milimita 3 litangulie, kisha lipanuliwe hatua kwa hatua. Tundu likikaa katikati kabisa, kipande kilichobaki hutolewa kwa kifaa chenye mifereji inayozunguka kinyume.

Kifaa hicho kina hatari yake. Ni cha chuma kigumu, na kikikatikia ndani drili ya kawaida haikitoboi. Kisilazimishwe.

Uzi ukiwa umeharibika, huchongwa upya kwa tapu. Bolti ya milimita 8 yenye uzi wa kawaida huhitaji tundu la milimita 6.8, ya 10 huhitaji 8.5 na ya 12 huhitaji 10.2. Mwenye vipimo hivyo kwenye daftari lake hawezi kudanganywa kuwa kifaa kizima lazima kinunuliwe kipya.

Hapa ndipo panapofaa kuwekwa kikomo. Bolti iliyokatikia kwenye fremu ya tela inaweza kujaribiwa na mwenye nayo. Iliyokatikia kwenye silinda hedi, pampu ya dizeli au habu, ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kukereza vyuma. Malipo ya fundi mzuri ni madogo kuliko bei ya silinda hedi iliyotobolewa upande.

Kufunga upya

Bolti iliyopashwa moto mpaka ikawa nyekundu, au iliyorefuka, isirudishwe. Inunuliwe nyingine ya daraja lile lile. Namba zilizo kichwani zina maana: kwenye 8.8, namba ya kwanza huonyesha kuwa chuma hicho kinahimili newton 800 kwa kila milimita ya mraba, na ya pili kwamba huanza kurefuka moja kwa moja kwenye asilimia 80 ya nguvu hiyo. Bolti isiyo na namba isitumike kwenye gurudumu wala kwenye usukani.

Lakini ngumu zaidi si bora kila mahali. Baadhi ya mashine za kufyekea na za kuchimba mashimo zina bolti laini zilizowekwa makusudi ili zikatike mashine inapogonga kisiki. Anayeweka bolti ngumu badala yake hujisifu kwamba haikatiki tena, mpaka siku gia inapovunjika.

Wakati wa kufunga, uzi usafishwe na upakwe grisi kidogo. Kwenye bomba la moshi, ambako grisi ya kawaida huungua, hutumika grisi ya shaba. Bolti ianze kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya spana, ili isipande uzi kombo.

Nati za magurudumu ni jambo la pekee. Stadi zake zikipakwa grisi nyingi, nguvu ile ile ya mkono hukaza kupita kiasi, hivyo zisafishwe tu isipokuwa kitabu cha chombo kieleze vinginevyo. Zikazwe kwa kuvuka, si kwa kuzunguka, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kazi kubwa zaidi hufanyika msimu ukiisha. Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila na zana nyingine zimeingia katika vijiji vingi, lakini nyingi huegeshwa na tope lake mpaka mvua inayofuata.

Saa mbili za kuosha mbolea na udongo, kufungua na kupaka grisi nati zinazobadilishwa mara kwa mara, na kununua akiba ya bolti kumi za plau, ni gharama ndogo. Kazi hiyo ifanyike kiangazi, wakati duka la vipuri halina foleni, fundi ana nafasi na siku ya kusubiri mafuta yapenye haimkoseshi mtu ekari hata moja.